Mguu ulikauka kabisa, mbona usaha umerudi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mboga soko la Mbuyuni hapa Moshi, na tunakaa Pasua. Nakuandikia usiku. Watoto wamelala. Baba yao naye amelala, ila si usingizi ule wa mtu mzima wa afya; anageuka huku, anageuka kule, mguu unamwuma.

Aprili mwaka juzi, katikati ya masika, alikuwa anapeleka abiria Kibosho na bodaboda. Pikipiki ikateleza kwenye tope, akaangukia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mashambani. Mfupa wa ugoko wa kushoto ukavunjika na kuchomoza nje. Wasamaria walimtoa kwenye yale maji ya matope, wakamfunga kanga, wakamkimbiza zahanati. Hiyo ilikuwa saa kumi jioni. Mpaka gari likapatikana na tukafika hospitali, ilikuwa inakaribia saa tano usiku. Kidonda walikisafisha kesho yake, na siku ya tatu wakamwekea chuma.

Kidonda kilifunga vizuri, tukamshukuru Mungu. Baada ya miezi minne akawa anaendesha tena. Siku moja pale kwenye kovu pakavimba, pakawa pa moto, pakapasuka usaha. Tukahangaika na dawa za dukani hadi Januari, tulipopata hela ya kurudi. Wakamfungua, wakasafisha, wakaandika dawa za wiki sita. Alimeza wiki tatu. Hela iliisha, na mguu ulikuwa umekauka, tukasema amepona. Karibu miezi kumi na moja mguu ulikuwa mkavu kabisa Mama, hata gozi hatukuweka. Desemba iliyopita homa ikaanza, na lile tundu likafunguka palepale.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa nambadilishia gozi nikaona kitu cheupe kinachungulia tunduni. Nilidhani ni uzi. Nilipokigusa kikatoka chenyewe: kipande cha mfupa, kama punje mbili za mchele zilizoungana, kikavu, kina ncha. Nimekiweka kwenye kiberiti. Mama mkwe alipokiona alilia. Anasema ule si mfupa wa mwanawe, umetupwa na mtu kwa sababu ya ugomvi wa kihamba, shamba la ukoo, na baba zake wadogo. Anataka tumpeleke kwa mganga auvute na mingine iliyobaki. Shemeji yeye anasema tuliponzwa na vidonge, angechomwa sindano angepona.

Hospitali wamesema apasuliwe tena na chuma kiangaliwe. Wamemkuta pia na kisukari, ambacho hatukukijua. Yeye hataki. Anasema wa kwanza walishindwa, hawa watamkata mguu. Anavuta nusu pakiti ya sigara kwa siku, na tangu akae nyumbani zimeongezeka.

Na mimi nina langu. Miezi yote hiyo nilikuwa nanunua kapsuli dukani, nazipasua na kumwaga ule unga kwenye tundu, kwa sababu ndivyo mama alivyotutibu vidonda tulipokuwa wadogo. Je, ni mimi niliyemharibia mguu? Kosa ni la nani? Akipasuliwa tena, utarudi tena? Na watoto wanaolala naye, wataambukizwa?

Mama Wawili,
Pasua, Moshi

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya kustaafu nilihudumu wodi ya mifupa miaka mingi, na wagonjwa wa namna hii, wenye maambukizi sugu ndani ya mfupa, ndio waliokaa nasi kuliko wote. Walikuwa wakirudi na kurudi, mpaka tukajua majina ya watoto wao. Nitakujibu kama ninavyomjibu binti yangu, bila kukuficha kitu.

Nianze na hicho kiberiti. Kilichomo ndani ni mfupa wa mumeo mwenyewe, hakuna aliyeutupa. Ukielewa ulivyotoka, nusu ya maswali yako itakuwa imejibiwa.

Mfupa una uhai. Una mishipa ya damu ndani, na kwa nje umevikwa utando mwembamba unaoulisha. Unapovunjika mpaka ukachomoza nje, utando ule huchanika, mishipa hukatika, na baadhi ya vipande hukosa damu. Kinachokosa damu hufa. Mwili ukishatambua kuwa kipande kile kimekufa huanza kukitenga na kukisukuma, miezi, hata miaka, kama unavyosukuma mwiba. Kikipata njia hutoka pamoja na usaha: kikavu, cheupe, kina ncha, vilevile ulivyokieleza. Nimeokota vingi kwenye gozi za wagonjwa. Na ugoko una shida yake. Pitisha kidole mbele ya ugoko wako sasa hivi: utagusa ngozi na mfupa, nyama hamna. Paja limezungukwa na minofu inayoleta damu kila upande, lakini mbele ya ugoko mfupa umelala chini ya ngozi tupu. Ndiyo maana hapo panavunjika pakachanika kirahisi, na hapo hapo panachelewa kupona.

Sasa waongeze bakteria. Anayeonekana mara nyingi kwenye mifupa ni Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wanatembea naye puani na kwenye ngozi bila kudhurika. Akishaingia ndani akakuta mfupa uliokufa, au chuma, hujishikiza na kujijengea utando wa utelezi. Umewahi kuona ndoo ya maji ambayo haijasuguliwa siku nyingi? Ukipitisha kidole ndani unateleza. Ukimwaga maji na kujaza mengine safi, utelezi uko palepale. Mpaka usugue. Dawa husafiri kwa damu, na mfupa uliokufa hauna damu, kwa hiyo dawa inawaua wale wanaoelea na kuwaacha walio chini ya utando. Usaha unakauka, ngozi inafunga, maumivu yanatulia, mtu anarudi barabarani. Kumbe ngozi ndiyo iliyopona, mfupa bado. Wale waliobaki wanaweza kukaa kimya miezi kumi na moja kama kwenu, na nimewaona waliokaa kimya miaka mingi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo, mwanangu, pale mliposema amepona mlisema kile ambacho macho yalikiona. Mtu yeyote angesema hivyo.

Umeuliza kosa ni la nani. Mimi sioni mtu mmoja wa kumnyooshea kidole. Naona mambo mengi yaliyokutana kwenye mguu mmoja, na nitayapitia, kwa sababu baadhi yake yamepita na baadhi bado yako mikononi mwenu.

Lile la mfongo limepita. Mifongo yetu hupita kwenye migomba, inapokea maji ya mazizini, inabeba mbolea na udongo. Jeraha la mfupa lililozama humo linatakiwa liingizwe chumba cha upasuaji upesi kuliko jeraha la barabarani penye vumbi tu. Na dawa ya mshipa ya kuzuia maambukizi inatakiwa mapema kabisa, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza. Mumeo alianza safari saa kumi na kusafishwa kesho yake. Ninalisema hili kwa ajili ya wengine wanaosoma: mfupa ukichomoza nje usiurudishe ndani kwa mkono, ufunike kwa kitambaa safi, na pale zahanati, wakati mnasubiri gari, ulizeni kama anaweza kuanzishiwa sindano ya antibayotiki na ya pepopunda kabla ya safari.

Kuna jambo lingine kuhusu maji. Yanaweza kuwa na bakteria aitwaye Pseudomonas, na huyo akiingia mfupani ana tabia ya kurudi kuliko Staphylococcus, na amoksilini haimgusi kabisa. Mumeo anaye au hana, mimi na wewe hatuwezi kujua kwa macho wala kwa harufu. Inajulikana maabara tu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapangusa usaha mdomoni mwa tundu na kuupeleka kupimwa. Pale mdomoni wamejaa bakteria wa ngozi, wapita njia, na dawa ikichaguliwa kwa kuwafuata hao, yule wa ndani anaachwa. Kipimo cha kuaminika ni vipande vya mfupa vinavyochukuliwa ndani kabisa wakati wa upasuaji, na si kimoja, vichukuliwe kutoka sehemu kadhaa. Mara nyingi daktari ataagiza mgonjwa aache antibayotiki kama wiki mbili kabla, ili bakteria waote vizuri maabara. Uamuzi huo ni wake, maana mwenye homa kali hasubirishwi. Lenu ni moja: kuanzia leo msimnunulie antibayotiki yoyote dukani. Hata kapsuli mbili za kutuliza moyo zinaweza kuharibu kipimo kitakachoongoza matibabu yote.

Kuhusu chuma, sitaki mwondoke mkidhani kuwekewa chuma kulikuwa kosa. Mfupa unaotikisika hauungi, na mfupa usiounga unawalisha bakteria. Lakini chuma nacho hakina damu, na utando ule wa ndoo unaota juu yake pia. Ndiyo maana wamesema kiangaliwe. Kama mfupa umeunga, mara nyingi kinatolewa. Kama haujaunga, wanaweza kukiacha kwanza wakiwa wanatuliza maambukizi, au kukitoa na kuweka vyuma vya nje, vile vinavyotokeza kwenye ngozi. Mumeo aliendesha bodaboda miezi minne tu baada ya kuvunjika. Ninajua watoto hawali hewa. Lakini kila akikanyaga kujizuia pikipiki isianguke, ule mguu ulikuwa unabeba uzito wa mtu, abiria na mzigo, na sijui kama kuna aliyewahi kumwambia kwa lugha ya wazi kwamba mfupa bado haujakomaa. Safari hii muulizeni daktari tarehe, na mumeo aisikie kwa masikio yake.

Usafishaji wenyewe ndio moyo wa matibabu. Daktari wa mifupa hukwangua na kukata sehemu iliyokufa mpaka afike mahali mfupa unapotoa damu, vitone vidogo vidogo vyekundu. Akibakiza kipande, mbegu imebaki. Akikitoa chote anaacha shimo, na shimo likiachwa tupu linajaa damu iliyolala, ambayo ni chakula cha bakteria. Kwa hiyo shimo linajazwa: wengine huweka vipande vyenye dawa ndani yake, wengine huhamisha mnofu wa mguu na kuuziba nao, na pengine anahitajika daktari wa upasuaji wa ngozi na minofu. Kipande kile ulichokihifadhi kinatuambia kwamba baada ya usafishaji wa kwanza kuna mfupa uliokufa uliobaki, au uliokufa baadaye. Sisemi walizembea. Mpaka kati ya mfupa hai na uliokufa haujachorwa kwa wino, na anayeogopa kukata mfupa mwingi sana ana sababu, kwa sababu akizidisha ugoko unaweza kuvunjika.

Halafu zile wiki tatu. Muda wa dawa unaotumika sana baada ya usafishaji ni wiki sita hivi, na mlikatisha nusu. Mlikatisha kwa sababu ya hela, nami siwezi kukukaripia kwa hilo. Ila safari hii, kabla hajalazwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Usisubiri bili. Nenda mapema, eleza hali yenu, uliza msamaha au kulipa kidogo kidogo, na uliza hasa kuhusu dawa za kwenda nazo nyumbani, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinapokwama: upasuaji umelipiwa kwa michango ya ukoo, na dawa za wiki ya nne hazina mwenyewe.

Shemeji mpe taarifa hii kwa upole. Uingereza walifanya utafiti uitwao OVIVA, uliochapishwa mwaka 2019, kwa watu wazima 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo. Kwa wiki sita za mwanzo wengine walipewa dawa za mshipa na wengine za kumeza, wakafuatiliwa mwaka mzima. Waliomeza hawakufanya vibaya kuliko waliochomwa. Ila dawa zao zilichaguliwa na wataalamu kwa kumwangalia mgonjwa na bakteria wake, na walizimeza. Vidonge vya mumeo havikushindwa kwa sababu ni vidonge.

Sasa nakuja kwa mambo yaliyo mikononi mwenu, na hapa naomba umsomee mumeo mwenyewe. Mwaka 1985 madaktari wa Marekani, Cierny na Mader na mwenzao, walipanga madaraja ya ugonjwa huu kwa watu wazima. Jambo lililonikaa kichwani tangu nifundishwe ni kwamba waliangalia vitu viwili kwa pamoja: mfupa umeharibika kiasi gani, na mwenye mfupa ana hali gani. Watu wawili wanaweza kuvunjika mahali pamoja, wakapasuliwa na daktari mmoja, mmoja akapona na mwingine akarudi, kwa sababu miili yao si sawa.

Mumeo ana kisukari ambacho hakikujulikana. Sukari ikiwa juu, chembe za damu zinazopigana na vijidudu zinalegea, na mishipa midogo inaharibika taratibu. Huenda ilikuwepo hata wakati wa ule upasuaji wa Januari. Aanze dawa za sukari leo, asisubiri tarehe ya upasuaji, na ombeni kipimo kile kinachoonyesha wastani wa miezi kama mitatu, si cha kidoleni cha asubuhi peke yake. Hii kwangu ni habari njema, ajabu yake. Kitu kilichokuwa kinamla bila kuonekana sasa kina jina, na kina dawa.

Sigara. Baba, nakuomba. Nikotini inaibana mishipa midogo ya damu, ile ile inayopaswa kubeba dawa na chakula hadi kwenye ugoko, ambako damu tangu zamani ni haba. Mfupa wa mvutaji unachelewa kuunga, na maambukizi yake yanarudi zaidi. Nimemwona mgonjwa akitolewa wodini kwa kiti cha magurudumu ili akavute nje ya geti, mguu umefungwa bandeji mpya ya asubuhi ile. Nilikuwa nasimama dirishani nikimwangalia na moyo unaniuma, kwa sababu niliijua kazi iliyofanyika usiku kucha kwenye ule mguu. Ukiweza kuacha kabisa wiki kadhaa kabla ya upasuaji na usirudie mpaka mfupa uunge, utakuwa umefanya jambo ambalo hakuna daktari anayeweza kukufanyia.

Chakula nacho. Mwili unaojenga mfupa unataka vyakula vya kujengea: mayai, maharage, dagaa, maziwa, nyama mkipata. Mtori ni mzuri, ila kwa mwenye sukari punguza ndizi ongeza nyama. Mbege, ile pombe ya ndizi, aiache kwa sasa.

Wasomaji wengine nao wajitazame: mwenye VVU ambaye hatumii dawa zake sawasawa, mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa figo, anayetumia dawa za kundi la steroidi kwa muda mrefu, mwenye mishipa ya miguu iliyoziba. Hao wote daktari wa mifupa anapaswa kuambiwa mwanzoni.

Nije kwako na ule unga wa kapsuli. Hukumharibia mumeo mguu. Mfupa ulikuwa umekufa ndani kabla hujapasua kapsuli ya kwanza. Lakini acha, leo. Unga haufiki mfupani. Unagandamana na usaha na kuziba mdomo wa tundu, halafu usaha unarudi ndani na homa inapanda. Tena unawazoeza bakteria dawa ile kidogo kidogo mpaka isiwatishe. Nawa mikono kwa sabuni, safisha ngozi inayozunguka, weka gozi kavu safi, funga bila kukaza, badilisha ikilowa. Usichokonoe tundu wala kuvuta mfupa mwingine ukiuona. Na asichanjwe chale wala kuchuliwa mguu huo. Kila mkato ni mlango mpya.

Hofu ya kukatwa mguu naielewa, wanaume wazima wamenililia kwa hofu hiyo. Kupasuliwa kusafisha mfupa si kukatwa mguu. Wagonjwa wengi wa namna yake hutibiwa mguu ukabaki. Kuna wanaofikia kukatwa, sitakudanganya, na wengi niliowaona walikuwa wamekaa nyumbani muda mrefu mno, au maambukizi yameanza kutishia uhai. Na hakuna anayekata mguu wa mtu mwenye akili timamu bila yeye kuelezwa na kutia saini. Aulize kabla ya kusaini: mnapanga kutoa nini, mnaacha nini, shimo mtalizibaje, mtapima vipande vingapi, chuma kinatoka au kinabaki, dawa wiki ngapi, na nani nimpigie usaha ukionekana. Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Kama hapo mlipo hawana uwezo wa yote hayo, ombeni rufaa. Mko Moshi, KCMC ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda iko hapo hapo, watu wanatoka mikoa mingine kuifuata.

Utarudi tena? Siwezi kukuahidi kwamba hautarudi. Hata kwenye mikono bora kabisa baadhi hurudi, na wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili. Kwa hiyo tarehe za kliniki zisirukwe hata mguu ukiwa mkavu, hasa ukiwa mkavu. Watampima damu na kumpiga eksirei. Nyumbani angalieni maumivu ya usiku yanayorudi, joto kwenye kovu, uvimbe, homa. Homa kali na kutetemeka, wekundu unaopanda haraka, au mguu kushindwa kubeba ghafla, msisubiri asubuhi. Na tundu lililokaa miaka mingi likianza kuota nyama, kutoa damu au kunuka tofauti, likatwe kipande kipimwe, kwa sababu vidonda vya namna hiyo mara chache hugeuka saratani.

Watoto walale na baba yao bila wasiwasi. Ugonjwa huu hauambukizi kwa pumzi wala kwa kukumbatiana. Taulo lake liwe lake, gozi chafu zichomwe au zitupwe chooni, na mikono inawe. Ila muulizeni daktari kama vile vipande vya mfupa vya upasuaji vitapimwa na kifua kikuu pia, kwa sababu nacho huingia mifupani.

Amebaki mama mkwe. Usigombane naye. Ameona mfupa ukitoka kwenye mguu wa mwanawe, na mama gani asingelia? Kama anataka kusali, salini wote. Lakini siku ya kliniki mwombe aende nanyi, akae ndani, si kwenye benchi la nje. Mwambie daktari aishike picha ya eksirei kwenye mwanga, awaonyeshe mahali ambapo mfupa umekuwa mweupe kupita kiasi na una pengo pembeni yake. Kisha fungua kiberiti, ukiweke kile kipande mezani, mama akitazame, na wewe umweleze daktari habari za unga.